Kupungua kwa Ugunduzi au Kukamilika kwa Kumbukumbu? Uhakiki wa Kipimo cha CD

Utangulizi

Kwa muda mrefu, wataalamu wanaopima mwenendo wa utafiti wa kisayansi wametegemea idadi ya machapisho. Derek de Solla Price, katika kazi yake ya mwaka 1963, alieleza kuwa sayansi ilikuwa ikiongezeka maradufu kila baada ya miaka 10 hadi 15. Hesabu ya namna hiyo hubainisha wingi, lakini haibainishi iwapo kilichoongezeka kina jambo jipya. Mwezi Januari 2023, Michael Park, Erin Leahey na Russell Funk walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliokusudia kuziba pengo hilo. Walihitimisha kwamba makala na hataza zinazidi kupoteza uwezo wa kugeuza mkondo wa maarifa. Sehemu hii inahakiki kipimo walichokitumia na kujadili athari zake kwa taaluma zinazoandikwa kwa Kiswahili.

Kipimo na matokeo yake

Utafiti huo ulichunguza makala milioni 45 na hataza milioni 3.9 kwa kutumia kipimo kiitwacho CD, ambacho thamani yake huanzia -1 hadi 1. Mantiki yake ni nyepesi. Tuchukulie kwamba katika miaka mitano baada ya makala fulani kutoka, kazi 10 zimeirejelea au zimerejelea vyanzo vyake. Kati ya hizo, 6 zimeirejelea makala hiyo peke yake, 2 zimeirejelea pamoja na vyanzo vyake, na 2 zimerejelea vyanzo tu. Kazi zilizoacha vyanzo huhesabiwa chanya, zilizounganisha huhesabiwa hasi, na zilizobaki hupewa sifuri. Kwa hiyo makala hiyo hupata 0.4. Makala ya Watson na Crick ya mwaka 1953 kuhusu umbo la DNA ilipata 0.62, ilhali ile ya Kohn na Sham ya mwaka 1965 ilipata -0.22. Kazi zote mbili zinahusishwa na Tuzo ya Nobel, jambo linaloonesha kwamba thamani hasi haimaanishi kazi dhaifu. Humaanisha kazi inayoendeleza iliyokuwapo.

Kati ya mwaka 1945 na 2010, wastani wa CD ulishuka katika nyuga zote nne zilizochunguzwa. Katika sayansi za jamii ulishuka kutoka 0.52 hadi 0.04, na katika sayansi za maumbile kutoka 0.36 hadi 0. Hata hivyo, waandishi wenyewe wanabainisha kwamba idadi ya kazi zinazogeuza mkondo kwa kiwango cha juu haikubadilika sana. Hoja hii haipaswi kupitwa kijuujuu. Wastani unaweza kushuka kwa sababu kazi za kawaida zimeongezeka, bila ugunduzi mkubwa kupungua hata mmoja.

Tatizo la marejeleo yasiyosajiliwa

Udhaifu mkubwa wa kipimo hiki umo katika namna kinavyoichukulia makala isiyo na marejeleo katika hifadhidata. Makala ya aina hiyo haina vyanzo vinavyoweza kurejelewa pamoja nayo. Ikirejelewa hata mara moja, hupata 1, yaani thamani ya juu kabisa. Mwaka 2024, Vincent Holst na wenzake walionesha kwamba makala ya namna hii ni mengi zaidi katika miaka ya mwanzo na hupungua kadiri usajili unavyoimarika. Walipokagua sampuli ya nyaraka zenyewe, walikuta kwamba mengi yalikuwa na marejeleo ambayo hayakuingizwa. Kwa mtazamo huo, sehemu kubwa ya mteremko inaeleza kazi ya wasajili kuliko kazi ya wanasayansi.

Ni haki kueleza kwamba Park na wenzake hawakutegemea ushahidi mmoja. Walirudia uchambuzi katika hifadhidata nyingine, zikiwamo JSTOR na PubMed, na wakachunguza msamiati wa vichwa vya makala. Ushahidi wa msamiati una uzito wa pekee kwa kuwa hautegemei orodha ya marejeleo. Kinyume chake, kurudia hesabu katika hifadhidata nyingine hakutoshi kuondoa shaka, kwani nazo zinaweza kuwa na upungufu uleule katika kumbukumbu za zamani.

Taaluma za Kiswahili katika mizani hii

Makundi manne ya utafiti huo hayajumuishi fasihi na sanaa. Lakini vipimo havibaki mahali vilipozaliwa. Hufuata fedha na sera, na huweza kutumiwa kuamua upandishaji vyeo na ugawaji wa ruzuku. Ni vyema basi kuuliza kipimo hiki kingesema nini kuhusu makala ya Kioo cha Lugha, Mulika au Kiswahili, majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vyanzo vya makala hayo aghalabu ni vitabu vya Kiswahili, tasnifu na masimulizi. Iwapo hifadhidata ingesajili makala bila kusajili vyanzo hivyo, mwandishi anayerudia hoja za watangulizi wake angepewa 1 na kuonekana mgeuzaji mkondo kumzidi Watson. Iwapo makala haikusajiliwa kabisa, mwandishi huyo asingekuwapo. Hukumu zote mbili ni batili.

Mgogoro wa ushairi huru unathibitisha hoja hii. Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974, ilichochea mjadala uliogeuza namna wahakiki wanavyofafanua shairi la Kiswahili. Mjadala huo uliendeshwa katika dibaji, magazeti na makongamano. Hakuna mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anayetilia shaka mgeuko huo, lakini hesabu ya marejeleo ya majarida pekee isingeweza kuuona.

Hitimisho

Uhakiki huu haukani kwamba mwenendo wa sayansi unaweza kupimwa, wala haudai kwamba ugunduzi haujapungua. Unachokataa ni kulinganisha miaka na nyuga kabla ya kulinganisha ukamilifu wa kumbukumbu zake. Yeyote anayetangaza ongezeko au upungufu anapaswa kwanza kuonesha ni sehemu gani ya marejeleo iliyosajiliwa, kwa kila mwaka na kila uwanja, kisha aoneshe wastani pamoja na idadi kamili. Kwa upande wa taaluma za Kiswahili, wajibu wa awali ni kusajili marejeleo ya majarida na tasnifu zetu kwa ukamilifu. Kabla ya hapo, tarakimu yoyote itakayotolewa kuhusu kupanda au kushuka kwake itakuwa ni kipimo cha ukimya wa hifadhidata.