Anga la Wengine

Mjukuu wangu aliniandikisha kwenye simu ili nipate kila toleo la "What's Up", filamu fupi za mwezi hadi mwezi ambazo NASA ya Marekani ilianza kuzitoa mwaka 2007 kutoka California. Gharama yake ni bando tu. Nimezitazama nyingi barazani hapa Katindiuka, na nakiri kwamba zinafundisha vizuri: maneno machache, mchoro ulio wazi, tena hazimdharau asiyejua. Mwalimu yeyote angezionea wivu.

Kasoro yake ni moja, nayo si ndogo. Husema "anga" kana kwamba watu wote wamesimama California. Nyota ya Kaskazini, ambayo huko ndiyo mwongozo wa watazamaji, haichomozi kamwe kwetu, digrii 8 kusini mwa ikweta. Nge, wanayemtafuta chini upande wa kusini, hapa hupita juu karibu na utosi. Mwezi mchanga nao, ambao kwao mara nyingi huonekana umesimama, kwetu hulala kama mtumbwi wa mto Kilombero.

Hapo kwenye mwezi ndipo ninapoumia. Zamani, nikifundisha chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja aliuchora ubaoni umelala vivyo hivyo. Nilimsahihisha mbele ya wenzake, kwa kuwa kitabu changu, kilichochapwa Uingereza, kiliusimamisha. Naye alikuwa ameuona jana yake tu, kama mimi. Hakubisha. Aliufuta kwa kiganja, akachora wa kitabuni.