Njia Zisizo na Magari: Ufaransa Ilizipataje, na Banissa Iwahi Nini

Waendeshaji wa baiskeli za mbio, zile zenye matairi membamba, hawachoki kuzisifu barabara za mashambani za Ufaransa. Mtu anaweza kukanyaga pedali saa nzima juu ya lami safi na asipishane ila na trekta moja. Wengi huamini kwamba nchi ile imejaliwa tu. Ukiufuatilia utulivu huo hadi chanzo chake, unakuta sheria, mikataba na kazi ya wahandisi iliyochukua karibu miaka 200. Sisi wa upande wa Banissa tuna sababu ya kuichunguza kazi hiyo, kwa kuwa barabara zetu ni tupu leo na lami inasogea kuja kaskazini mashariki.

Wingi wa barabara ndio uliotangulia. Mnamo mwaka 1836 Ufaransa ilitunga sheria iliyozilazimisha serikali za vijiji kutunza barabara za kuunganisha kijiji na kijiji. Asiye na fedha za kulipa kodi ya barabara aliweza kuilipa kwa jasho lake, hadi siku tatu za kazi kwa mwaka. Ukawa mtandao mzito mno. Leo nchi hiyo ina zaidi ya kilomita milioni moja za barabara, na zile kubwa za taifa na za mwendokasi hazizidi sehemu mbili kwa mia. Nyingi zilizobaki ni za mikoa na vijiji, na zimewekwa lami kwa ajili ya mkulima na gari la maziwa.

Lakini wingi pekee hauleti utulivu. Kuanzia miaka ya 1960 Ufaransa ilijenga kwa kasi barabara za mwendokasi, na magari ya safari ndefu yakahamia huko. Vijana nao walikuwa wakiondoka vijijini kwenda mijini. Barabara za kale zikabaki na lami yake, bila magari yake. Mwendesha baiskeli Mfaransa anayechagua njia kwenye ramani ya Michelin hutafuta mistari myeupe, yaani barabara ndogo kuliko zote, kwa sababu anajua kwamba dereva mwenye haraka amepewa njia nyingine. Hapo ndipo palipo na siri kubwa ya jambo lote: utulivu hupatikana pale gari lilipopewa mahali pake pengine.

Reli ndiyo inayonivutia zaidi. Mwaka 1879, chini ya waziri wa kazi za umma Charles de Freycinet, Ufaransa ilipitisha mpango wa kufikisha treni hata kwenye miji midogo ya wilaya. Maelfu ya kilomita yakajengwa, mengine mahali ambapo abiria hawakutosha hata siku ya kwanza. Malori na mabasi yalipokuja, njia hizo zikafungwa moja baada ya nyingine, na shirika la reli la SNCF, lililoundwa mwaka 1938, likaendelea kuzifunga kwa miongo kadhaa.

Garimoshi halipandi mlima mkali wala halikati kona ya ghafla. Kwa hiyo mhandisi wa reli alichimba vilima, akajaza mabonde, akatoboa mahandaki na kujenga madaraja marefu ya mawe ili mwinuko usipite mita mbili au tatu kwa kila mita 100. Reli zikang'olewa, lakini tuta likabaki: limeshindiliwa, linapitisha maji, limenyooka. Gharama kubwa zaidi ya kujenga njia ya baiskeli, yaani kusawazisha ardhi, ilikwisha lipwa na watu waliokufa zamani. Mwaka 1997, huko Bourgogne, njia ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa kati ya Givry na Cluny, kilomita 44, juu ya tuta la reli ya zamani. Baadaye ilisogezwa kuelekea Mâcon, ikapita ndani ya handaki la Bois Clair lenye urefu wa kilomita 1.6. Handaki hilo hufungwa majira ya baridi kwa ajili ya popo wanaolala humo, na waendesha baiskeli huzunguka kwa barabara ya juu bila kulalamika sana.

Jambo lililoamua mafanikio lilikuwa umiliki wa ardhi. Pale ambapo ukanda wa reli ulibaki mikononi mwa mamlaka moja, njia ilijengwa upesi. Pale ambapo uliuzwa vipande vipande kwa wenye mashamba jirani, njia hukatika, na mpanda baiskeli hutupwa barabarani pamoja na malori hadi kipande kinachofuata.

Njia za mifereji zinasimulia habari nyingine, na hiyo inatuhusu sisi moja kwa moja. Mfereji wa Canal du Midi, uliobuniwa na Pierre-Paul Riquet na kujengwa kati ya mwaka 1666 na 1681, una urefu wa kilomita 240 kutoka Toulouse kuelekea bahari ya Mediterania. Mashua zilivutwa na farasi waliotembea ukingoni, na njia ya wanyama hao ndiyo inayopitisha baiskeli leo. Ukitoka Toulouse unakwenda juu ya lami nyororo. Kwa miaka mingi, ukivuka mpaka wa mkoa na kuingia Aude, lami ilikoma. Ulibaki na udongo, changarawe na mizizi ya miti, na tairi jembamba likaanza kuteseka. Mfereji ni uleule. Kilichobadilika ni mkoa uliolipa.

Sheria ilikuja mwishoni kuliko vyote. Septemba 2004, amri ya serikali iliingiza katika kanuni za barabara aina mpya ya njia, iliyotengwa kwa vyombo visivyo na injini, waendao kwa miguu na wapanda farasi. Tangu hapo pikipiki ikiingia imevunja sheria, na polisi ana kifungu cha kusimamia. Upana wa kawaida ni kama mita tatu, uso ni lami au kokoto laini iliyoshindiliwa, na kila njia inapokutana na barabara kuna vizuizi vya kumpunguza mwendo mpanda baiskeli. Treni ilikuwa ikisimamisha magari. Baiskeli iliyorithi tuta lake haina nguvu hiyo, kwa hiyo yenyewe ndiyo inayosimama.

Sasa turudi Banissa, magharibi mwa kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia, ambako watu hufika kwa barabara za vumbi kutoka Rhamu au Takaba. Hapa pia mtu anaweza kwenda mbali bila kukutana na gari. Ila utupu wetu una maana tofauti. Ni utupu wa kukosa, na mara nyingine wa hofu. Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka mji wa Mandera waliuawa njiani, na ulinzi wa polisi ukawa sehemu ya safari za barabara hiyo. Nani atamwambia kijana apande baiskeli peke yake kwenda Takaba ati kwa sababu njia ni shwari? Usalama ndio msingi, na mhandisi hana jibu lake.

Reli ya kurithi hatuna. Reli ya mkoloni iliishia Nanyuki na haikugusa kaskazini mashariki. Tulicho nacho ni njia za mifugo, zinazofuata mteremko mwororo kutoka malisho hadi kwenye maji, kama farasi wa Riquet walivyofuata ukingo. Tuna pia barabara mpya: mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 750 kwa mradi unaohusu ushoroba wa Isiolo, Wajir na Mandera. Lami ikifika, malori yatakwenda kwa kasi ambayo mwanafunzi na mkokoteni wa punda hawajawahi kuizoea, na matawi yake yatatafuta miji kama Banissa.

Hapo nina pendekezo moja, na nalisema kwa uzito wote. Mkandarasi anayejenga barabara kwa kawaida hutengeneza kwanza mchepuko wa kupitishia magari wakati wa kazi. Huufyeka, huusawazisha kwa greda, mahali pengine huumwagia murram na kuushindilia. Kazi ikiisha, mchepuko huachwa. Mvua za Gu, yaani masika, huuchimba makorongo, na miaka michache baadaye umekuwa kichaka cha miba. Huo ndio tuta letu la reli. Umekwisha lipiwa, na mara nyingi uko ndani ya hifadhi ya barabara, chini ya mamlaka moja, ukiifuata barabara yenyewe. Mkataba ukimtaka mkandarasi, kabla ya kukabidhi kazi, aupunguze hadi mita tatu au nne, autengenezee mitaro, na auzibe kwa nguzo zinazopitisha baiskeli na ng'ombe bali si gari, tutakuwa na njia ya pembeni kwa sehemu ndogo ya gharama ya kuijenga upya. Bodaboda zitapenya kati ya nguzo, ndiyo, kama zinavyofanya Nairobi, na hapo ndipo tutakapohitaji kifungu kama kile cha 2004.

Baiskeli ya matairi membamba haitaiweza njia hiyo. Murram hulegea, na mbigili hutoboa kila kitu. Inafaa tairi pana lenye ute wa kuziba matundu ndani. Hilo halinisumbui. Mtoto wa shule na mwuza maziwa ndio wa kwanza kuitumia.

Kinachonisumbua ni laga, yaani mto wa msimu. Mchepuko hushuka hadi kwenye mchanga wa laga na kupanda ng'ambo, na maji yakija hakuna pa kupita, wakati daraja jipya huenda likapimwa kwa upana wa magari mawili tu. Upande wa waendao kwa miguu na baiskeli lazima uchorwe pamoja na daraja lenyewe. Zege ikishamwagwa, kuongeza mita mbili pembeni ni kujenga daraja la pili, na hakuna kaunti itakayopata fedha hizo.