Miezi ya Kufungua Nati

Kila Novemba jiko letu hapa Kihesa, Iringa, hupungukiwa sufuria moja. Mke wangu ameshazoea. Huitoa mwenyewe, ile iliyobonyea upande, na kuiweka kizingitini kabla sijaiomba. Naijaza dizeli nusu, na ndani ya dizeli natumbukiza nati, washa, springi za valvu na vifuniko vidogo vilivyotengenezwa Birmingham zaidi ya miaka 80 iliyopita. Vinalala humo usiku kucha. Asubuhi dizeli imekuwa nyeusi tii, na chuma kimeanza kuonyesha sura yake.

Pikipiki ni BSA M20, silinda moja, cc 496. Mjomba wangu aliinunua mkononi mwaka 1962 kwa bwana shamba wa Kiingereza aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Mjomba alikuwa mwalimu. Aliiendesha kutoka Ifunda hadi Mafinga, akaipandisha na kuishusha mlima wa Ipogolo maisha yake yote, na alipofariki ikaja kwangu ikiwa na magurudumu mawili yaliyopasuka na ufunguo mmoja wa plagi uliofungwa kwa kamba chini ya kiti. Watoto wa mtaani wanapoisikia ikiunguruma hukimbia kuitazama. Pikipiki wanazozijua zinavuma. Hii inapiga, pigo moja moja, unaweza kuzihesabu, na ukiisikiliza unaelewa kwa nini wazee wetu walikiita chombo hiki pikipiki, na wengine tukutuku.

Kule ilikotoka, watu wenye pikipiki za namna hii huziweka ndani kuanzia Novemba hadi Machi. Ni majira ya baridi, barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula chuma bila huruma. Ndipo wanapozifungua, wakazisafisha na kuzifunga upya kusubiri jua. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hakuna barafu ya barabarani, lakini miezi ni ileile. Novemba kifuku kinaanza, na hadi mwishoni mwa Aprili njia za vijijini zinakuwa utelezi mtupu. Pikipiki ya kilo 170 yenye fremu isiyo na springi nyuma haina kazi kwenye tope la Mufindi. Kwa hiyo mtu wa Birmingham na mtu wa Kihesa wanakaa chini juma lilelile, kila mmoja na sufuria yake ya dizeli. Jambo hili hunifurahisha kila mwaka.

Mwaka wa kwanza niliharakisha. Niliiacha imesimama miezi mitano bila kuitayarisha, kisha siku ya jua la kwanza nikapiga kiki. M20 huweka oili yake kwenye tangi la pembeni, na pampu huizungusha kwenda kwenye injini na kuirudisha. Ikikaa muda mrefu, oili hujipenyeza taratibu kwenye pampu ikashuka na kujaa tumboni mwa injini. Nilipopiga kiki, moshi wa bluu ulifunika uwanja mzima, plagi ikalowa, na oili ikatafuta kila upenyo wa kutokea. Tangu hapo nina utaratibu. Oili namwaga injini ikiwa bado ya moto, mwanzoni mwa kifuku na si mwishoni, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi, na asidi ikilala miezi mitano juu ya bearingi huzitoboatoboa. Petroli naitoa yote kwenye tangi na kabureta, maana hugeuka ulimbo na kuziba vitundu. Kijiko kimoja cha oili safi napitisha kwenye tundu la plagi, nazungusha injini polepole kwa mkono, kisha nainyanyua juu ya magogo ili matairi yasiguse ardhi. Baada ya hapo ndipo spana zinapotoka.

Na spana zenyewe zina habari yake. Fundi yeyote wa bodaboda hapa mjini ana namba 10, 12, 14 na 17, na kwa hizo anaweza kuvunja na kufunga pikipiki ya Kihindi au ya Kichina ndani ya saa chache. Kwenye BSA hazikai. Nati zake zinafuata vipimo vya inchi vya Joseph Whitworth, Mwingereza aliyependekeza nyuzi za skrubu zilizo sawa kwa nchi nzima mwaka 1841, na ukilazimisha spana ya milimita inateleza na kulamba kona. Niliwahi kuipeleka kwenye gereji moja ya mjini nikiwa na haraka, ikarudi na nati sita zilizolambwa zikawa mviringo. Siku hiyo niliamua nijifunze kuifungua mwenyewe, hata kama itanichukua kifuku kizima. Ilinichukua vitatu.

Nilichokigundua ni kwamba chombo hiki kilibuniwa kifunguliwe. Zaidi ya M20 126,000 zilitengenezwa kwa ajili ya majeshi ya Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, na waliozichora walijua kwamba siku moja kijana asiye na karakana, amechuchumaa kwenye mchanga au matope, atalazimika kuivua kichwa kwa spana chache. Valvu ziko pembeni ya silinda na si juu yake, kwa hiyo kichwa ni kama mfuniko wa chungu, ukilegeza bolti zake unainua. Cheche inatoka kwenye magineto inayozungushwa na injini yenyewe, hivyo betri ikifa safari inaendelea. Mgandamizo ni mdogo, na petroli mbaya inaivumilia. Haikuwa pikipiki ya kasi hata ilipokuwa mpya, na watu wa mashindano waliidharau. Mimi naiheshimu kwa jinsi ilivyomfikiria fundi ambaye bado hajazaliwa.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni gasketi ya shaba nyekundu. Ikishabanwa miaka mingi kati ya kichwa na silinda huwa ngumu, na kilicho kigumu hakizibi. Ukikipasha chuma cha pua hadi kiwe chekundu ukakitumbukiza majini, kinatoka kigumu zaidi. Kila mhunzi analijua hilo. Shaba ina tabia yake. Naipasha juu ya jiko la mkaa jioni, giza likiingia, ili rangi ionekane vizuri, na inapoiva nyekundu iliyofifia naitumbukiza kwenye ndoo. Inatoka laini kama ngozi ya kiatu cha zamani, unaweza kuikunja kwa vidole. Gasketi nyingine ni za karatasi. Hizo hazikatwi kwa mkasi: unaweka karatasi juu ya mdomo wa chuma na kugonga ukingoni kidogo kidogo kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, mpaka ukingo wenyewe unajikatia umbo lake. Dakika 20 za kugonga, na karatasi inalingana na chuma kuliko kipimo chochote ambacho ningechora.

Halafu kuna kusaga valvu. Unapaka dawa yenye chengachenga kwenye mdomo wa valvu, unaikalisha mahali pake na kuizungusha kwa kijiti kati ya viganja, mbele na nyuma, unainua, unageuza kidogo, unarudia. Mwanzoni inakwaruza kama mchanga kwenye meno. Baada ya muda sauti inashuka, inakuwa kama mtu anayefuta ubao mbali, chumba cha tatu. Hapo unafuta, unachora mistari ya penseli kwenye kiti cha valvu, unazungusha mara moja. Mistari yote ikikatika sawasawa, imekaa. Mvua ikipiga bati sana siwezi kusikia, na kwa hiyo nasubiri ipungue.

Lakini kuna mambo mikono yangu haiyawezi, na hapo ndipo ninapopanda basi la Mbeya.

Silinda naifunga kwenye khanga na kuipakata. Zaidi ya kilomita 300, kupitia Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, hadi Uyole. Muda mfupi baada ya kutoka Iringa basi linapita jirani na Isimila, bonde ambalo mashoka ya mawe ya watu wa kale yalikutwa yametapakaa, yamechongwa pande zote mbili, yanajaa kiganjani. Kila nikipita pale na uzito ule mapajani nawawazia wachongaji hao, jinsi walivyochagua jiwe, wakaligeuza, wakaligonga pembeni na kulitazama tena.

Mzee ninayemwendea ana karakana ndogo nyuma ya Mwanjelwa, mashine moja ya kukerezea na dirisha moja linaloelekea mlima Loleza. Alijifunza chuma kwenye reli, na ni mtu wa Mbozi. Wanyiha wa huko walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye tanuri ndefu za udongo muda mrefu kabla ya reli yoyote, kama majirani zao Wafipa, ambao chuma kilichotoka kwenye tanuri zao ndefu, malungu, kilisafishwa tena kwenye tanuri ndogo kabla mhunzi hajakigusa. Yeye halitaji sana jambo hilo. Nalitaja mimi kwa sababu naona watu wanavyozungumza kama vile ufundi wa chuma ulishuka hapa kwenye meli.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Weka hapo. Usiniambie kitu, ngoja kwanza niitazame.”

Aliitazama kwa muda mrefu siku ile ya kwanza. Alipitisha kidole ndani ya silinda, juu hadi chini, akafumba macho. Akaingiza kipimo, akasoma, akakigeuza, akasoma tena. Kisha akaniuliza nani alikuwa akiiendesha.

“Mjomba wangu.”

“Alikuwa mtu wa kubana matumizi.”

Nilishangaa. Akanionyesha: silinda ilikuwa imeliwa upande mmoja kuliko mwingine, ule ambao pistoni huegemea injini inaposukuma. Huliwa hivyo, alisema, kwa mtu anayepanda mlima kwenye gia kubwa, injini ikilemewa, ili asichome petroli nyingi. Nikamkumbuka mjomba akipanda kutoka Ipogolo na gia ya nne, pikipiki ikipiga pigo moja baada ya jingine kama inayotaka kusimama, nami nyuma yake nimemshika kiunoni nikiwa na miaka tisa, nikiomba tufike. Mshahara wa ualimu ulikuwa mdogo na watoto tuliosomeshwa nyumbani kwake tulikuwa wengi. Yote hayo yalikuwa mle ndani ya chuma, na mzee huyu ambaye hakumjua aliyasoma kwa kidole.

Nadhani hiyo ndiyo sababu nazipenda kazi hizi za kifuku kuliko hata kuiendesha. Pikipiki ikitembea inakupeleka mahali. Ikiwa wazi mezani, kila msuguano umeacha alama yake, na fundi mwenye subira anaweza kufuata alama hizo hadi kwa mtu.

Mzee aliipanua silinda kwa ajili ya pistoni kubwa zaidi, akakereza miongozo mipya ya valvu. Chuma alikipata kwenye kitovu cha puli kuukuu ya mashine ya kusaga mahindi, chuma cha kusubu, kizito, ambacho kilishazunguka miaka mingi na kutulia. Alikitoa maganda membamba kama ya vitunguu. Vipimo vyake vilikuwa sehemu za elfu moja za inchi. Unywele wa kichwa una kama tatu hivi. Mwongozo wa valvu ya moshi aliulegeza kidogo kuliko ule wa valvu ya hewa, kwa kuwa valvu ya moshi huiva na kutanuka, na ukiubana itanasa ukiwa mbali na nyumbani. Magineto tulimpelekea jirani yake anayesuka mota, akaisuka upya waya mwembamba kama uzi wa buibui, siku mbili, akiwa na redio sikioni.

Kiwanda cha BSA cha Small Heath hakipo. Kilipigwa mabomu usiku wa Novemba 19, 1940, wafanyakazi 53 wakafia humo, na kikaendelea kutengeneza pikipiki. Kilichokimaliza ni uongozi mbovu na ushindani wa Wajapani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Pale Uingereza wapo wanaotengeneza vipuri vya M20 hadi leo, na pistoni yangu ilitoka kwao. Mengine yote yametengenezwa kati ya Kihesa na Mwanjelwa.

Rangi sijaigusa. Rafiki zangu wananishauri niipake upya, niipige kromu ing'ae, na nimeziona pikipiki za namna hiyo, nzuri, zinazometa kama sinia la harusi. Lakini pembeni ya tangi kuna mahali rangi imefutika hadi kwenye chuma, duara la ukubwa wa kiganja, mahali goti la mjomba lilipokuwa likigusa. Napapaka mafuta kila mwaka ili pasishike kutu, basi.

Jana usiku nilipanga majira ya cheche. Kichwa cha silinda bado kiko mezani, kwa hiyo pistoni inaonekana, na naipima kwa rula ilivyo chini ya kilele chake. Kisha nachukua karatasi ya kusokotea sigara, nyembamba kuliko zote, naibana kati ya pointi za magineto na kuivuta taratibu huku mke wangu akizungusha injini kwa mkono, polepole, polepole. Pointi zikiwa zimefungwa karatasi haitoki. Mvua ilikuwa ikinyesha. Aliniuliza kama aendelee, nikamwambia kidogo tu, kidogo tena. Karatasi ikaachia.