Watu Wote: chuki ilivyopandishwa basi

Tarehe 21 Desemba 2015, wanamgambo wa Al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera, Kenya, wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka uliotangulia, karibu na Mandera hapo hapo, abiria 28 walitengwa hivyo wakauawa. Safari hii Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Katja Benrath aliifanya habari hiyo filamu ya dakika 22, Watu Wote (2017), kazi ya wanafunzi wa Hamburg Media School iliyofika kushindania Oscar mwaka 2018.

Ufundi wake mkubwa umo katika kuchagua nani abebe chuki. Angeweza kumpa mtu katili, tumchukie, tujione wema. Amempa Jua, mama Mkristo aliyeuliwa mume na mtoto. Uchungu wake ni wa haki, ila anautupa kwa watu wasio na hatia, nasi tunawatazama jirani zake wa kiti kwa hofu yake. Kiswahili na Kisomali vinaligawa basi kabla bunduki haijafika. Kisha hatari inapokuja, Jua anafunikwa hijabu. Vazi aliloliogopa ndilo linalomficha. Tendo moja la mkono linafanya kazi ambayo maneno mengi yangeiharibu.

Lakini dakika 22 zina gharama. Adui anatoka nje, na hofu ya kifo inawaunganisha watu ambao kesho watashuka kila mmoja aende kwake. Sisi wa Nyamitaba, huku Masisi, mashariki ya Kongo, hatushuki. Mhunde, Mhutu na Mtutsi wanapakana mashamba na malisho, wanakutana sokoni wiki baada ya wiki, na katika vita vyetu anayeogopwa mara nyingi anajulikana kwa jina. Mauaji ya Machi 1993 yalianzia sokoni Ntoto, kule Walikale, kisha moto ukaingia Masisi. Hadithi yetu haiwezi kutegemea mtu mwenye silaha aje kuwapatanisha majirani. Inataka muda mrefu, mpaka wa shamba, deni, ndoa, msiba.

Vijana wa Goma mnaojifunza kamera katika kituo cha sanaa cha Yole!Africa, chukueni kwa Benrath lile la kwanza: mpeni chuki yule tunayemhurumia. Halafu leteni kamera huku milimani, na mwache lugha zote za soko letu zisikike.