Ua Lilitazamwa, Tawi Likasahauliwa

Kichaka kile hakikuwa mtandamboo. Mtambuzi wa mimea, mbele ya kamera, alikuwa na tawi lake mkononi, lina majani na maua, na bado akakosea.

Alianza vizuri. Alionyesha majani yamekaa jozi kwa jozi, akakwanyua moja, utomvu mweupe ukachuruzika, akataja familia ya Apocynaceae. Hapo hana lawama.

Kisha akanusa ua. Jeupe, limeingia wekundu, petali tano, harufu tamu: "Mtandamboo," akasema, na kumwambia mwenye bustani angoje matunda yaive ale. Lakini ua la msunguti, nduguye katika familia hiyo, nalo ni jeupe lenye wekundu, lina petali tano na linanukia. Tunda lake nalo hutoka kijani likawa jekundu, mwisho zambarau iliyokoza. Ndugu hawa wawili hutenganishwa kwa tawi. Mtandamboo una miiba, msunguti hauna. Maua ya mtandamboo hukaa nchani mwa tawi. Ya msunguti hujibana makwapani mwa majani. Kamera ilipita taratibu juu ya tawi lile: hapakuwa na mwiba hata mmoja, na vishada vyote vilikuwa makwapani. Ulikuwa msunguti. Yote hayo yalionekana wakati anatamka jina lisilo lake.

Na jina hilo lingeweza kuua. Msunguti ndio uliowapa Wakamba na Wagiriama sumu ya mishale. Kiini chake, uabaini, kilitengwa na Mfaransa Arnaud mwaka 1888, nacho husimamisha moyo.

Safu hii haijachoka kulalamikia ibada ya ua, na programu za simu zimeizidisha: watu hupiga picha ya petali, hupokea jina, hutulia. Mtaalamu wa mimea Greenway, aliyeilea hebaria (hazina ya mimea iliyokaushwa) ya Amani, Tanzania, hadi ilipohamia Nairobi mwaka 1950, hakufanya kazi hivyo. Kitabu alichoandika na mwenzake Dale kuhusu miti na vichaka vya Kenya, cha mwaka 1961, kimesimama juu ya sampuli zilizokaushwa. Flora ya Afrika Mashariki ya Tropiki nayo ilichukua miaka 60, kuanzia 1952 hadi 2012, na kila ufunguo wake wa utambuzi humlazimisha msomaji arudi kwenye mmea wenyewe: jani, kwapa, mwiba, tunda.

Mtambuzi huyu alikuwa na tawi zima mkononi. Akate lingine, alikaushe kati ya magazeti, alipeleke hebaria. Kabla ya hapo ampigie simu mwenye bustani, amwambie wazi kwamba tunda lile lisiliwe, na watoto wasiliguse.