Thalmor Wataka Nini?

Mwezi wa Novemba 2011 ulitoka mchezo wa video uitwao Skyrim, na tangu siku hizo vijana wanabishana juu ya vita ambayo haikupiganwa popote duniani. Twasema vijana, walakini wengi wao sasa ni baba na mama wa watoto, na bado hawajapatana. Pengine msomaji ataona ni upuuzi. Sisi nasi tuliona hivyo mwanzoni. Kisha tukakaa kusikiliza maneno yao, tukagundua kwamba wanabishana juu ya kazi ambayo kila mmoja wetu huifanya, na mara nyingi huifanya vibaya, ndiyo kuhukumu nia ya mwenzake kwa karatasi moja na maneno ya kusikia.

Tuwaeleze kwanza wasioujua mchezo huo. Umetengenezwa Marekani na kampuni ya Bethesda, nao ni wa tano katika mfuatano uitwao The Elder Scrolls. Mchezaji hutembea katika nchi ya milima na theluji, nchi ya watu waitwao Wanord. Kabla hadithi haijaanza, Dola kubwa inayotawala nchi hiyo ilipigana na Thalmor, yaani watawala wa taifa la Altmer wa visiwa vya Summerset. Vita ilianza mwaka 171 wa hesabu yao, ikaisha mwaka 175. Dola iliukomboa mji wake mkuu, lakini askari walikuwa wamekwisha, basi Kaisari akatia sahihi mapatano. Sharti moja lilikuwa chungu: ni marufuku kumwabudu Talos, Kaisari wa zamani ambaye Wanord humhesabu kuwa mungu. Ndipo Ulfric Stormcloak, mkuu wa mji wa Windhelm, alipomwua mfalme kijana Torygg na kuinua bendera ya uasi. Sasa ndugu wanauana, na mchezaji anaitwa kuchagua: Dola au Ulfric?

Wa upande wa Dola husema: tazameni Windhelm kwa Ulfric, jinsi Waelfu Weusi walivyosongamana katika mtaa mbovu, na Waargonia wanavyolala nje ya ukuta, bandarini. Wa upande wa Ulfric hujibu: na ninyi mwaona Thalmor wakiwafunga watu kwa sababu ya sala, na Dola imenyamaza. Pande zote mbili zasema kweli. Mchezo haukuficha lolote kati ya hayo, na kwa hilo twausifu.

Lakini mabishano makali siyo juu ya hao wawili. Ni juu ya huyo wa tatu. Thalmor wataka nini?

Mchezo wenyewe una karatasi ya kujibu. Mchezaji huingia katika nyumba ya balozi wa Thalmor, Elenwen, kama mgeni wa karamu, kisha hupenya vyumba vya ndani kwa siri. Humo akitafuta vizuri atakuta faili ya Ulfric. Faili yasimulia kwamba zamani Ulfric alitekwa vitani na kuhojiwa na Elenwen mwenyewe. Wakamwaminisha kwamba maneno aliyoyatoa katika mateso ndiyo yaliyouangusha mji mkuu. Kumbe mji ulikuwa umeanguka kabla yeye hajasema neno! Kisha wakamwachia njia ya kutoroka. Baada ya vita walipata tena kuonana naye, naye akawafaa. Lakini baadaye, kisha mambo ya mji wa Markarth, akawa hawasikii tena. Faili yaagiza hivi: maadamu vita haina mshindi, tusiiguse. Ulfric asife, maana Dola ingeshinda. Wala asishinde.

Basi, wengi husoma faili hiyo na kupiga kelele: Ulfric ni mtumishi wa Thalmor! Sisi twawaomba wasome tena, polepole. Neno la Kiingereza ambalo faili yamwitia lina maana mbili: laweza kuwa mtu anayetumwa, na laweza kuwa kitu chenye faida tu. Ng'ombe ana faida kwa mwenye zizi, lakini hakufanya naye mapatano. Tena, aliyeandika ni nani? Ni ofisi ya wapelelezi, ikiandika juu ya kazi yake yenyewe, kwa wakubwa wake. Sisi sote twajua jinsi karani anavyojisifu katika ripoti. Ya kwamba Ulfric aliwafaa Thalmor, hatubishi. Ya kwamba alijua anawafaa, faili haisemi. Mtu aliyebeba moyoni aibu ya kuusaliti mji, aibu aliyotiwa kwa uongo, hutenda mambo ambayo mtu huru hangetenda. Na hapo ndipo tunapomhurumia, ingawa hatupendi jinsi anavyotawala mji wake.

Hata hivyo wako wasiotosheka na karatasi hiyo. Hao hutafuta nje ya mchezo. Palikuwa na mwandishi mmoja, Michael Kirkbride, aliyefanya kazi Bethesda na kutunga mengi ya ajabu katika mchezo wa tatu, Morrowind, uliotoka mwaka 2002. Alipokwisha kuacha kazi ya kudumu huko aliendelea kuandika juu ya nchi hiyo kwa hiari yake. Katika andiko moja ametia maneno vinywani mwa Altmer: ulimwengu huu ni kifungo, wanadamu ndio pingu, na Talos ni nguzo inayowashika wanadamu wasipotee, nguzo ikianguka, Altmer watarudi kuwa roho tupu kama mababu wao. Toka hapo wengine wakajenga juu yake: Thalmor wataka kuiangusha minara inayoushikilia ulimwengu, mmoja baada ya mmoja, mpaka vyote vifutike.

Je, andiko la namna hiyo lihesabiwe? Wachezaji hujadili hayo kwa neno walilolikopa kwetu, kanuni, yaani orodha ya vitabu vinavyokubaliwa. Aliyewaonyesha njia ni Ronald Knox, ambaye baadaye aliingia Kanisa Katoliki na kuwa padre. Mwaka 1911, huko Oxford, alisoma insha ya mzaha juu ya Sherlock Holmes, akizipima hadithi zile kama wataalamu wa siku zake walivyopima Maandiko. Yeye alicheka. Wanaomfuata siku hizi hawacheki sana.

Sisi hatutaki kumfukuza Kirkbride mlangoni. Mpaka wenyewe umetoboka: mhubiri Heimskr, anayepaza sauti uwanjani Whiterun, husema maneno ambayo Kirkbride aliyatoa kwanza nje ya mchezo. Na ya kwamba Altmer huhuzunikia kuumbwa kwa ulimwengu, hayo yamo katika vitabu vya michezo yenyewe. Tena yupo Ancano, mshauri wa Thalmor katika chuo cha Winterhold, ambaye akishika nguvu za kile kitu kiitwacho Jicho la Magnus hujisifu kwamba aweza kuufuta ulimwengu. Lakini majivuno ya mtu mmoja aliyelewa uwezo siyo shauri la serikali. Hatujaona katika mchezo huu amri ya Thalmor isemayo: tufute vyote.

Tena twaona hasara. Ukisema Thalmor wataka kuangamiza ulimwengu wote, mara moja maswali mengine yanakufa. Mtaa mbovu wa Windhelm si kitu tena. Waliofungwa kwa sababu ya sala si kitu tena. Kila asiyekubali na wewe anakuwa mshiriki wa mwisho wa dunia, na kumsikiliza ni dhambi. Tumewasikia wakiitana hivyo, watu ambao dakika kumi mbele walikuwa wakizungumza kwa adabu. Faili ya Elenwen yatisha zaidi, kwa sababu haina kitu cha ajabu ndani yake. Adui anataka tu ndugu wawili wasimalize ugomvi wao. Kwa hiyo hahitaji mnara wala jicho la uchawi. Atoshwa na kungoja.

Mchezo una mahali ambapo mambo hayo yaonekana wazi. Wazee watawa wa High Hrothgar huwaita Jenerali Tullius wa Dola na Ulfric wakae meza moja, wapatane kwa muda, maana madragoni wanaiteketeza nchi. Tullius anafika, na Elenwen yuko pamoja naye. Ulfric anakasirika, hataki kuketi na mtu yule. Hapo wote wanamgeukia mchezaji aamue: mama huyo abaki mezani, au atoke?