Kupanda kwa Baiskeli, Kushuka na Nyama

Elki dume aliyekomaa, mnyama wa jamii ya kulungu, ana uzito wa kilo 300 na ushee. Ukishamchuna, ukaacha porini mifupa na matumbo, unabaki na nyama safi ya kilo 90 hadi 110, na gari umeliacha kilomita sita huko chini bondeni. Kilo 30 mgongoni ni mzigo mzito kwa mtu wa kawaida, kwa hiyo piga hesabu ya safari tatu au nne, kwenda na kurudi. Wawindaji wa Colorado, jimbo lenye elki wengi kuliko jimbo jingine lolote la Marekani, hesabu hii wanayo kichwani. Hata hivyo, theluji ikishayeyuka, si wachache utakaowakuta wakijiandaa kwa msimu wakiwa wamekaa kwenye baiskeli ya milimani. Je, baiskeli inamwandaa mtu kwa kazi hiyo? Kwa maoni yangu inamwandaa kwa nusu yake, ila ni nusu ambayo ni shida kuipata kwa njia nyingine.

Tuitazame kazi yenyewe. Msimu wa upinde Colorado ni Septemba, wakati madume wanapolia kuita majike na kutishiana. Wenye bunduki walio wengi hupata zamu yao kuanzia katikati ya Oktoba. Elki hula alfajiri kwenye maeneo ya wazi yenye nyasi, kisha hupanda kulala kwenye misitu minene, mara nyingi mita 2,700 hadi 3,300 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mita 3,000 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 70 tu ya ule wa pwani. Mwindaji huwafuata huko huko, akiruka magogo yaliyoanguka, akisimama kusikiliza, akipanda tena. Kutwa nzima mwili unafanya kazi ya wastani, halafu ghafla zinakuja dakika chache ambazo moyo unadunda hadi masikioni, na ni katika dakika hizo anatakiwa kutulia na kulenga shabaha.

Moyo ndio wa kuangaliwa kwanza. Mwaka 2007 watafiti wa Michigan walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 25 wakiwa mawindoni, wakiwinda kulungu, wamevaa vifaa vya kurekodi mapigo ya moyo. Kati yao, 22 walipita asilimia 85 ya kiwango cha juu cha mapigo yao, na kadhaa walipita hata kile walichofikia hospitalini kwenye mashine ya kukimbilia. Wengi wao walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo tayari. Michigan haina milima ya kutisha, na kulungu ni mdogo mno kwa elki. Ukiongeza mwinuko wa Colorado, na mtu aliyekaa ofisini tangu Januari, utaelewa kwa nini mwenye busara haanzi mazoezi Agosti.

Hapa baiskeli inajilipa. Mtu anayenyonga ameketi, uzito wake umebebwa na kiti, kwa hiyo moyo na mapafu vinaweza kufanya kazi saa mbili au tatu bila magoti kupigwa na ardhi kila hatua. Mtu wa miaka 50 mwenye kilo za ziada akijaribu kukimbia muda huo huo, wiki ya pili atakuwa anatafuta barafu ya kuwekea kifundo. Tena njia za milimani hazimpi mwendo mmoja. Kuna kona ya mchanga, kuna mizizi, kuna kijilima cha mita 40 kinachomlazimu kutoa nguvu zote kwa nusu dakika, kisha tambarare ya kurudisha pumzi. Vipimo vya waendesha baiskeli za milimani kwenye mashindano vimeonyesha wastani wa mapigo ya moyo karibu asilimia 90 ya kiwango cha juu kabisa. Mwindaji haendi mashindanoni, na hana sababu ya kujikamua hivyo. La msingi ni kwamba ardhi yenyewe inampangia vipindi vya kukaza na kulegeza vinavyofanana na vile atakavyovikuta porini.

Wanaoyafanya mazoezi haya vizuri hutumia sehemu kubwa ya saa zao kwenye mwendo wa polepole, ule ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika. Siku moja ya wiki ndiyo ya mlima. Na siku hiyo kuna jambo dogo ambalo wengi hulipuuza: gia. Anayependa mbio huweka gia nyepesi na kuzungusha miguu haraka, mizunguko 85 au 90 kwa dakika. Mwindaji anafaidika zaidi akiweka gia nzito kidogo, mizunguko 50 hadi 60, akiwa ameketi. Ukitazama paja lake utaona linajikaza taratibu na kusukuma kwa muda mrefu, karibu sawa na mtu anayepanda mteremko mkali na shanta mgongoni. Dakika nne au tano hivyo, apumzike kwa muda huo huo, arudie. Mwenye goti bovu aiache njia hii, kwa sababu gia nzito hulikandamiza goti.

Kwa wakazi wa Colorado, kupanda milima kwa baiskeli si fasheni ya juzi. Mwaka 1976 kundi la watu wa Crested Butte lilitoka na mabaiskeli mazito ya gia moja, likavuka Pearl Pass, kwenye mita 3,870 hivi, hadi Aspen. Sehemu nyingi waliyasukuma tu.

Sasa nusu ya pili. Kwenye pedali msuli wa paja hufanya kazi ukijifupisha: unasukuma, unakaza, unaachia. Mtu anayeshuka mlima akiwa na mzigo anautumia kinyume. Angalia hatua moja tu: kisigino kinagusa chini, goti linapinda, na paja linapaswa kuzuia kilo 80 za mwili na kilo 30 za nyama zisiporomoke. Msuli unarefuka huku umekaza, kama breki inayoachiwa kidogo kidogo. Kukaza kwa namna hii ndiko kunakochana nyuzi za msuli na kuleta yale maumivu ya siku ya pili, ambayo humfanya mtu ashuke ngazi kinyumenyume. Baiskeli haigusi kabisa upande huu. Hata ukishuka bonde zima umesimama kwenye pedali, paja linakaza likiwa limetulia mahali pamoja, na shokapu ndizo zinazobeba mapigo. Ndiyo maana unaweza kumkuta mwendesha baiskeli hodari, anayewaacha wenzake wote kwenye mlima, akichechemea baada ya safari ya kwanza ya nyama.

Mifupa nayo haipati inachohitaji. Wanaonyonga kwa miaka mingi bila mazoezi mengine mara nyingi huwa na mifupa ya uti wa mgongo iliyo hafifu kuliko ya wakimbiaji, kwa kuwa mfupa huimarika ukibebeshwa uzito. Sitaji hata nyayo na mabega.

Habari njema ni kwamba mwili hujifunza kushuka upesi. Mteremko mmoja wenye mzigo, ukishapona maumivu yake, huacha kinga inayodumu wiki kadhaa. Kwa hiyo mpangilio unajieleza wenyewe: Mei hadi katikati ya Julai baiskeli itawale, kwa sababu msingi wa pumzi unataka miezi. Kuanzia hapo shanta iingie, kilo 10 kwanza, ikipanda polepole hadi 25 au zaidi, na baiskeli ibaki ya siku za kupumzisha miguu. Agosti kila wiki kuwe na siku ya kushuka kwa makusudi. Anayeishi kusiko na milima atumie ngazi za ghorofa, na kwenye ngazi hizo kushuka ndiko kwenye faida. Wiki ya mwisho apunguze vyote. Kosa ninaloliona mara kwa mara kwenye ratiba za watu ni kuendelea kunyonga kwa nguvu mpaka mkesha wa msimu kwa sababu ndilo zoezi lenye raha.

Mwinuko pia haununuliwi kwa pedali. Anayetoka nyanda za chini za Texas, hata akiwa imara vipi, uwezo wake wa kutumia oksijeni utashuka akifika mita 3,000. Siku mbili tatu za kukaa huko juu kabla ya kuwinda zitamsaidia kuliko wiki nyingine ya baiskeli. Wa Denver, wanaoishi kwenye mita 1,609, wana nafuu kidogo.

Msomaji wa Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, anaweza kuona haya yote ni anasa za watu wenye muda. Ni kweli kwamba Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi hawana ratiba ya Mei wala ya Julai. Wanaume wao waliopimwa walitembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku, na mawindo yenyewe ndiyo mazoezi. Ratiba ya baiskeli ni dawa ya mtu ambaye kazi yake imemkalisha.

Yapo mambo mawili ya kuchunga. La kwanza ni kuanguka. Mfupa wa mtulinga ndio unaovunjika kwanza mtu akirushwa juu ya usukani, na upinde wa kapi unaovutwa kwa nguvu ya kilo 27 au 30 hauvutiki na bega lililofungwa. Kuanzia Agosti njia za mawe na miruko ziachwe, zibaki barabara za vumbi.

La pili ni sheria. Maeneo ya nyika yaliyotengwa chini ya sheria ya mwaka 1964, kama Weminuche na Flat Tops, hayaruhusu baiskeli ya aina yoyote, na huko ndiko elki wengi wanakokimbilia watu wakizidi. Baiskeli za umeme zimebanwa zaidi: kwenye misitu ya serikali kuu zinahesabiwa kama chombo cha injini, hivyo njia nyingi za baiskeli ya kawaida zimefungwa kwao. Kwa mazoezi, hata hivyo, sioni sababu ya kuzibeza. Mtu wa miaka 60 aliyeambiwa na daktari asipitishe mapigo 120 hawezi kupanda mlima wa Colorado kwa baiskeli ya kawaida bila kulivunja agizo hilo ndani ya dakika tano. Mota ikimsaidia kwenye mteremko mkali, atakaa saa mbili ndani ya kiwango chake. Shanta ya kushuka nayo, hiyo hakuna mota itakayombebea.